Waliomaliza deni ndio wanaowaka nyekundu: kosa liko wapi?

"Mwalimu, shikamoo. Nauza dagaa kwa jumla hapa Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Daftari la mali kauli nimelihamishia Excel: safu ya A tarehe mteja aliyochukua mzigo, B jina lake, C gunia, D thamani, E alicholipa, F baki. Nilitaka mtu akipitisha siku 14 hajamaliza, mstari wake wote uwe mwekundu. Nikachagua kuanzia A2 hadi F500, nikaandika =TODAY()-A2>14. Kilichotokea ni vituko. Safu ya gunia yote nyekundu. Safu ya thamani haina hata seli moja nyekundu. Kwenye baki, waliomaliza ndio wanaowaka, wenye madeni wametulia. Chini ambako sijaandika kitu pamewaka mpaka mstari wa 500. Tarehe nazo zina mambo yake: aliyechukua jana, tarehe 5 Julai, ameshawaka, ila wa tarehe 18 Juni hajaguswa. Nimefuta nikarudia mara nne. Nirudi kwenye daftari tu?"

Marahaba, dada yangu. Usirudi. Nilipofika kwenye "waliomaliza ndio wanaowaka" nilicheka, kisha nikafurahi, maana umeeleza dalili zako vizuri kiasi kwamba sihitaji hata kuliona faili. Kompyuta yako haijakosea. Imetii ulichoandika, neno kwa neno, na hapo ndipo tabu yote ilipo.

Ulipochagua A2 hadi F500 ulichagua seli 2,994. Sharti la rangi, yaani Conditional Formatting, haliutazami mstari kama wewe unavyoutazama. Linaiendea kila seli peke yake na kuiuliza swali moja la ndiyo au hapana. Ikijibu ndiyo inapakwa, ikijibu hapana inaachwa. Kwa hiyo Excel imeuliza maswali 2,994, na maswali yenyewe hayafanani. Uliandika "A2" ukiwa umesimama kwenye A2, na Excel ikaelewa unasema "seli hii hii niliyosimama". Ikahamia B2 na kuuliza habari za B2, ikaenda C2 na kuuliza habari za C2, hivyo hivyo hadi F500.

Sasa tembea nayo kwenye mstari mmoja uone. Ndani ya Excel tarehe ni namba tu: 1 Januari 1900 ni 1, siku inayofuata ni 2, na ulipoangalia rangi zako tarehe 6 Julai 2025, TODAY(), yaani tarehe ya leo, ilikuwa 45844. Kwenye B2 kuna jina la mtu. Namba kutoa jina ni kosa, na sharti la rangi likikuta kosa halisemi kitu, linanyamaza tu. Ndiyo maana majina hayana rangi. Kwenye C2 kuna gunia 6: 45844 kutoa 6 ni 45838, ambayo imezidi 14, basi nyekundu. Hakuna mteja wa kuchukua gunia nyingi kiasi cha kuliepuka hilo, kwa hiyo safu ya gunia itakuwa nyekundu milele. Kwenye D2 kuna 900,000: ukitoa unapata hasi, na hasi haiwezi kuzidi 14, kwa hiyo thamani haitawaka kamwe. Kwenye E2, asiyelipa chochote ameacha wazi, na wazi ni sifuri, basi anawaka. Nadhani hiyo ndiyo safu iliyokudanganya ukaona fomula ina dalili za kufanya kazi: asiyelipa ni mwekundu kweli, lakini kwa bahati tu. Kwenye F2, mwenye baki ya laki nane anatoa hasi na kutulia, na aliyemaliza ana sifuri: 45844 kutoa 0, nyekundu! Mteja wako mwaminifu kuliko wote amepewa rangi ya mdaiwa sugu.

Dawa ya hapo ni alama moja ya dola. Ukiandika $A2, herufi inafungwa na namba inaachwa huru: seli yoyote ya mstari wa 2 itaitazama A2, yoyote ya mstari wa 3 itaitazama A3. Ukiweka dola mbili, $A$2, mistari yote 499 itamtazama mteja wa kwanza peke yake. Akichelewa yeye, soko zima linakuwa jekundu. Wengi wanaangukia hapo kwa sababu ukibofya seli ukiwa ndani ya kisanduku cha sharti, Excel inakuwekea dola mbili bila kuulizwa. Bonyeza F4 mara kadhaa mpaka ibaki moja mbele ya herufi.

Mistari mitupu ya chini ni hadithi hiyo hiyo. Tarehe isiyoandikwa ni sifuri, na kwa hesabu ya Excel hilo ni deni la siku 45844. Ni kama mtu alichukua dagaa wako mwaka 1900, Wajerumani wakiwa bado wanatawala hapa, na mpaka leo hajarudi. Lazima uiambie kwanza ihakikishe kuna tarehe, kisha ihakikishe kuna baki, ndipo ihesabu siku:

=AND(ISNUMBER($A2),$F2>0,TODAY()-$A2>14)

Hiyo ukiibandika inamaliza vituko vinne kati ya vitano. Cha tano, cha tarehe, hakipo kwenye fomula kabisa, na ndicho ninachokiogopa zaidi, kwa sababu rangi zikishakaa sawa utaziamini.

Kompyuta yako imepangwa kusoma tarehe kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza. Kompyuta nyingi zinauzwa na mpangilio huo na hakuna anayekumbuka kuubadilisha. Wewe unaandika 05/07/2025 ukimaanisha tarehe 5 Julai. Yenyewe inasoma tarehe 7 Mei. Kwa hiyo mzigo wa jana una siku 60, na lazima uwake. Ukiandika 18/06/2025 inatafuta mwezi wa 18, inaukosa, inashindwa kuifanya tarehe na kuihifadhi kama maneno ya kawaida. Maneno hayatoleki kwenye namba, linatokea kosa, na umeshaona sharti la rangi likikuta kosa linafanya nini. Deni la siku 18 limenyamaza. Na lipo kundi la tatu ambalo hukulitaja, pengine kwa sababu halionekani: aliyechukua tarehe 10 Juni, 10/06/2025, amesomwa kuwa ni wa tarehe 6 Oktoba. Kwa Excel mtu huyo bado hajachukua mzigo, atachukua miezi mitatu ijayo. Angekudai wewe ningesema nyamaza.

Kulithibitisha hilo huhitaji fundi. Chagua safu ya A, badilisha muonekano wa tarehe ili mwezi uandikwe kwa maneno (muundo wa d mmmm yyyy). Zile tarehe zilizogeuzwa zitakuonyesha mwezi ambao hukuuandika, na zile zilizobaki na mikwaju yake (/), zikiwa zimekaa kushoto mwa seli, ndizo maneno. Kama safu umeiweka katikati, kushoto hakutaonekana; andika =ISNUMBER(A2) pembeni, ushushe, kila FALSE iliyo mbele ya tarehe ni deni lisilohesabika.

Kisha nenda kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya Region, na uweke tarehe fupi iwe dd/MM/yyyy. Funga Excel uifungue tena. Kuanzia hapo utakachoandika kitasomwa siku kwanza. Lakini, na hapa wengi wanadhani wamemaliza, vilivyokwisha kuandikwa havijirekebishi. Tarehe 7 Mei itabaki 7 Mei. Kama mistari haizidi hamsini, kaa na daftari lako uandike upya; ni nusu saa, na ndiyo maana nasema daftari usilitupe. Kama ni mamia, andika hii kwenye safu tupu pembeni, mstari wa 2:

=IF(ISNUMBER(A2),DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)),DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)))

Iliyosomwa kama tarehe inageuzwa, siku inakuwa mwezi na mwezi unakuwa siku. Iliyobaki maneno inachanwa vipande na kuunganishwa upya. Inafanya kazi endapo uliandika kwa tarakimu mbili mbili na mwaka kamili, yaani 08/06/2025 na siyo 8/6/25. Ishushe hadi mwisho wa majina yako, nakili majibu, bandika thamani tupu juu ya safu ya A, kisha futa safu ya pembeni. Usiitumie kwa mistari utakayoandika baada ya kurekebisha mipangilio, itakugeuzia tarehe zilizo sahihi.

Kwa siku zijazo, unapompa mtu mzigo, usiandike tarehe kabisa. Simama kwenye seli ubonyeze Ctrl pamoja na alama ya nukta mkato (;) na tarehe ya leo itaingia yenyewe.

Hadi hapa nimejibu ulichouliza. Ila ningekuwa mimi ndiye nauza hapo Mwaloni, nisingeiweka hesabu ndani ya rangi hata hiyo fomula nzuri niliyokupa juu. Sababu umeiona mwenyewe: rangi ikikosea haisemi. Kosa likitokea kwenye seli ya kawaida linaandikwa #VALUE! na kukukodolea macho. Likitokea ndani ya sharti la rangi, mdaiwa anapita kimya kimya. Halafu kuna hizo siku 14 zako. Nimeishi karibu na mwalo miaka ya kutosha kujua kwamba mbalamwezi ikikolea taa haziingii ziwani, mzigo unapungua na mzunguko wa hela unapungua nao. Mchuuzi wa Buhongwa anayepima kwa kisado hawezi kuwa na muda mmoja na anayevusha gunia mia kwenda Kongo. Naamini hata wewe mdomoni unawapa ahadi tofauti, ni Excel tu ndiyo unaiambia 14 kwa wote.

Kwa hiyo ongeza safu mbili. G iwe tarehe ya ahadi:

=IF(A2="","",A2+14)

Mliyekubaliana naye muda mwingine, futa fomula kwenye mstari wake uandike tarehe mliyoagana. H iwe hali ya deni:

=IF(A2="","",IF(F2<=0,"Amemaliza",IF(G2<TODAY(),"Amechelewa","Bado")))

Sasa hali ya kila mteja imeandikwa kwa neno unaloweza kulisoma na kulibishia. Rangi inabaki na kazi ndogo ya kulisoma neno hilo. Chagua A2 hadi H500, weka sharti hili la wekundu:

=$H2="Amechelewa"

Ukitaka na njano kwa waliobakiwa na siku tatu au pungufu, ili uwapigie kabla hawajachelewa:

=AND($H2="Bado",$G2-TODAY()<=3)

Mtu hawezi kuwa kwenye yote mawili, kwa hiyo huna haja ya kuhangaika na sharti lipi likae juu. Masharti yakigongana, la juu kwenye orodha ndilo linaloshinda.

Faida nyingine ya safu ya H utaiona mwisho wa mwezi. Rangi ya masharti haihesabiki kwa fomula za kawaida. Hakuna namna ya kuiambia Excel "nijumlishie vyekundu" bila kuchuja kwanza au kuandika programu. Neno linahesabika:

=SUMIFS(F2:F500,H2:H500,"Amechelewa")

Hiyo ndiyo hela yako iliyoko nje kupita muda. Kwa maoni yangu ina uzito kuliko rangi zote.

Angalizo kuhusu safu ya F. Usiandike "amelipa" kwa mkono, wala "900,000/=" kwenye D au E. Kwa Excel maneno yanahesabiwa kuwa makubwa kuliko namba yoyote ile, hivyo "amelipa" ni zaidi ya sifuri, na mteja wako anarudi kuwa mdaiwa. Andika namba tupu. Ile /= kama unaipenda, na mimi naipenda, iweke kwenye muundo wa namba kwa kuandika #,##0"/=" ili ionekane bila kuwemo.

Sasa mitego ya mkono. Kwanza, chagua seli kutoka juu kushuka. Fomula inasomwa kutokea kwenye seli uliyosimama, ile inayobaki nyeupe wakati nyingine zimefunikwa. Ukichagua safu nzima nzima kwa kubofya herufi za juu, seli hiyo ni A1. Ukiandika $H2 hapo, kila mstari utamtazama jirani wa chini yake, na rangi zote zitapanda hatua moja. Utampigia simu mtu asiyedaiwa. Pili, ukiwa ndani ya kisanduku cha sharti usitumie vishale kusogea, vinachomeka majina ya seli katikati ya fomula; bonyeza F2 kwanza, ndipo vishale vitulie. Nimepoteza saa nyingi za maisha yangu kabla sijajua hilo.

Mtego wa tatu huja taratibu. Kila unaponakili mstari na kuubandika kwingine, rangi zinasafiri nao na sharti linapasuka vipande. Mfanyabiashara mmoja wa mjini aliniletea faili linalofunguka kwa kusuasua. Nilipoingia Conditional Formatting, kisha Manage Rules, na kuchagua kuonyesha karatasi yote, nilikuta sharti lile lile limejirudia kurasa na kurasa, kila moja likishika mistari miwili au mitatu. Tulifuta yote tukaandika mawili. Fungua orodha hiyo hata mara moja kwa mwezi. Na unapobandika, bandika thamani peke yake. Ukiweza, geuza eneo lako kuwa jedwali kwa Ctrl na T, maana jedwali likiongezeka mstari, fomula na rangi zinafuata zenyewe na huhitaji kushusha hadi 500.

Kuhusu wingi wa rangi: masharti haya yameanza na Excel 97, na hadi toleo la 2003 uliruhusiwa matatu tu kwa seli. Mwaka 2007 kizuizi kikaondolewa, zikaja na pau, vishale na taa za barabarani ndani ya seli. Mimi bado naona matatu yanatosha. Usiweke kijani kwa waliomaliza. Waache weupe. Ukichapa kwenye printa ya rangi nyeusi, nyekundu na kijani hutoka kijivu kinachofanana, na wapo watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayazitofautishi rangi hizo mbili hata kwenye kioo. Kijana wako wa kukusanya madeni akiwa mmoja wao hatakwambia. Huenda hata yeye hajui. Neno la safu ya H litamwokoa.

Kama siku nyingine unaliangalia faili kwenye simu kupitia Google Sheets, fomula zote hizi zinafanya kazi vile vile. Tofauti ni kwamba kule mpangilio wa tarehe unafuata faili lenyewe wala siyo Windows: kwenye kompyuta, fungua File, kisha Settings, uangalie faili limeandikishwa nchi gani. Likiwa Marekani, yale ya 18 Juni yatakurudia upya.

Anza leo na safu ya A tu, kabla hujagusa rangi yoyote. Tarehe zikishakuwa tarehe, futa masharti yote uliyoweka mara nne zile, weka G na H, halafu ukae nazo siku mbili bila rangi. Linganisha safu ya H na daftari, mteja kwa mteja. Zikikubaliana, ndipo upake.